Kugawanya irisi za asili na kuzipanda vyunguni: mwongozo kwa vikundi vya bustani Uganda

Kichaka cha irisi chenye majani ya kutosha watu hamsini hakitoi miche hamsini. Hapo ndipo vikundi vingi huharibu kazi: kila mwanachama anataka aondoke na mche wake, basi kisu kinakata vipande vyembamba vya jani mojamoja, na baada ya mwezi nusu yake imeoza. Irisi za Afrika hazipendi kusumbuliwa mizizi. Zikigawanywa huweza kukaa hata mwaka mzima kabla ya kutoa maua tena, na kipande kidogo hakina akiba ya kuvumilia muda huo. Kabla ya kuchimba, kubalianeni kwamba idadi ya vyungu itaamuliwa na mmea. Orodha ya wanachama isubiri.

Ni irisi ipi

Uganda haina mmea wa asili wa jenasi *Iris* yenyewe. Tulio nao ni jamaa zake wa familia ya Iridaceae, na anayefaa zaidi kwa kazi hii ni *Dietes iridioides*. Huyu huota porini kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, chini ya miti na pembezoni mwa misitu. Urefu wake ni kama sentimita 60, majani ni ya kijani mwaka mzima, na ua lake ni jeupe lenye alama za njano na sehemu ya katikati ya rangi ya zambarau. Kila ua hukaa siku moja tu, lakini bua hilohilo hutoa mengine kwa awamu.

Tatizo ni kwamba zile zilizojaa kwenye mizunguko ya barabara na mbele ya hoteli mara nyingi si za hapa. *Dietes bicolor*, yenye ua la njano hafifu na madoa meusi, na *Dietes grandiflora*, yenye ua kubwa jeupe linalodumu siku tatu hivi, zote mbili asili yake ni Afrika Kusini. Ni mimea mizuri na hugawanywa kwa njia hii hii, ila msiiandike "ya asili" kwenye lebo. Mmea usipokuwa na maua, hata mkulima mzoefu huchanganya grandiflora na iridioides. Kwa hiyo tembeleeni bustani wakati wa maua, fungeni utepe kwenye kichaka mlichokihakikisha, kisha mrudi kuchimba baadaye.

Mwingine anayewapotosha watu ni *Neomarica* kutoka bara la Amerika. Bua lake la maua ni bapa kama jani, nalo hutoa mche kwenye ncha. Mkiona bua bapa la namna hiyo, huyo si wenu.

Chimbeni kwenye bustani za watu waliokubali, yaani nyumbani, shuleni, kanisani au msikitini. Msiende msituni na jembe. Mabira ni hifadhi ya msitu chini ya NFA (mamlaka ya taifa ya misitu), Bwindi na Kibale ni hifadhi za taifa chini ya UWA (mamlaka ya wanyamapori), na Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 hairuhusu kutoa mazao ya msitu hifadhini bila leseni. Zaidi ya sheria, kichaka cha msituni kilichozoea kivuli na udongo wa majani yaliyooza hufa upesi zaidi kuliko cha bustanini.

Lini

Watu wengi husema "subiri mvua". Kwa kupanda moja kwa moja ardhini, sawa. Kwa vyungu hesabu ni tofauti, kwa sababu kipande kinahitaji wiki 8 hadi 10 chunguni kabla ya kwenda ardhini. Ukigawanya Machi mvua zinapoanza, mche unakuwa tayari mwishoni mwa Mei au Juni, kiangazi kinapoingia, yaani wakati mbaya kabisa wa kuutoa chunguni.

Hesabuni kurudi nyuma. Katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, kama Kampala, Entebbe, Jinja, Masaka na Mbale, fanyeni kazi mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, kisha mpande ardhini Septemba. Kiangazi cha Juni na Julai si kikali sana, na vyungu vikiwa kivulini karibu na maji ni rahisi kuvitunza. Kiangazi cha Januari ni kikavu zaidi; kazi ya wakati huo ifanyike tu kama kuna bomba au kisima hapo hapo. Kaskazini, Gulu na Arua, ambako mvua huenda karibu mfululizo kuanzia Aprili hadi Oktoba, gawanyeni mwezi wa Aprili na mpande ardhini Juni au Julai, mvua ikiwa bado ipo.

Chagueni kichaka kilichokwisha kutoa maua yake mengi. Kichaka kilichobeba vichipukizi vya maua kitatumia nguvu huko, na mizizi itabaki nyuma.

Vifaa na udongo

Tuchukulie kikundi cha watu 10 na lengo la vyungu 60 vya lita 2. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, kuanzia saa moja hadi saa sita.

- Majembe mawili ya meno (jembe bapa hukata mizizi), na koleo 1
- Kisu kimoja kikali chenye meno na visu vya kawaida 3
- Mikasi ya kupogolea 2
- Makarai 3 na jerikani 4 za maji za lita 20
- Magunia 5 yaliyoloweshwa
- Spiriti ya duka la dawa na pamba
- Vyungu 60, lebo 60, penseli 2

Kavera (mifuko ya plastiki) ndogo zile za miche ya kahawa hazifai. Ni nyembamba, na shina la ardhini la irisi, yaani rizomu, hutambaa kwenda pembeni. Tafuteni kavera pana, au kateni jerikani za mafuta ya kupikia za lita 5 kwa urefu wa sentimita 15 kutoka chini. Toboeni matundu 5 chini, unene wa kidole kidogo, na mengine 2 ubavuni, sentimita moja juu ya kitako. Haya ya ubavuni ndiyo yanayookoa chungu kilichokaa kwenye udongo wa mfinyanzi, maana yale ya chini huzibwa na tope.

Vyungu 60 vya lita 2 vinameza lita 120, na udongo hushuka ukimwagiliwa, hivyo andaeni lita 140, sawa na jerikani 7. Mchanganyiko ni jerikani 4 za udongo mweusi wa juu, 2 za mboji iliyoiva na 1 ya mchanga mkubwa wa ujenzi uliooshwa. Udongo wenu ukiwa wa mfinyanzi, wekeni udongo 3, mboji 2 na mchanga 2. Jaribuni hivi: lowesheni kidogo, fumbata mkononi kwa nguvu, kisha fungua. Bonge likivunjika ukiligusa kwa kidole, mchanganyiko ni mzuri. Likibaki zima, ongezeni mchanga.

Mboji lazima iwe baridi na inuke kama udongo wa msituni. Samadi mbichi ya ng'ombe au ya kuku itaunguza mizizi iliyokatwa. Maganda ya kahawa yaliyooza vizuri yanaweza kuchukua nafasi ya nusu ya mboji. Yakiwa mapya, yatanyonya naitrojeni na majani yatageuka njano.

Kuchimba

Mwagilieni kichaka jioni ya siku iliyotangulia. Udongo mkavu hudondoka na kuondoka na vinyweleo vya mizizi.

Majani ya irisi hukaa bapa, yamejipanga kama upepeo wa kuchochea jiko la makaa. Kila fungu la namna hiyo tuliite upepeo, kwa kuwa hesabu yote inayofuata ni ya pepeo. Kateni kwanza majani yote yabaki sentimita 15 hadi 20. Msiyaonee huruma: mizizi iliyopunguzwa haiwezi kuyanywesha majani marefu, na upepo huyatumia kuung'oa mche chunguni.

Chimbeni duara sentimita 20 nje ya majani ya mwisho, kina cha sentimita 25. Ingizeni majembe ya meno pande mbili zinazotazamana, myainamishe kwa pamoja, kichaka kitainuka kizima. Ukivuta kwa majani utabaki na majani mkononi.

Acheni theluthi moja ya kichaka ardhini na mfukie upya palepale. Mwenye bustani asibaki na shimo, na kikundi kibaki na mbegu mambo yakiharibika kitaluni. Kilichotolewa kifunikwe kwa gunia lenye unyevu mara moja. Dakika 20 za jua la saa nne zinatosha kukausha ncha za mizizi. Huu si mmea wa kuachwa ukauke siku mbili tatu kabla ya kupandwa, kama wanavyofanya wenzetu wa nchi za baridi kwa irisi zao zenye rizomu nene.

Kwa vyungu 60 mtahitaji vichaka 5 hivi, kila kimoja kikitoa pepeo 50 baada ya kuacha theluthi. Robo itatupwa.

Kuosha na kukata

Hapa ndipo muweke watu wenu makini, wawili au watatu, na msiwabadilishe kila saa. Wengine wajaze vyungu, wabebe maji, waandike lebo.

Osheni bonge ndani ya karai la maji, mkilitikisa polepole, mpaka maungio ya rizomu yaonekane. Msiloweke zaidi ya dakika chache. Sasa tafuteni mahali ambapo kichaka kinataka kuachana chenyewe. Shikeni pande mbili kwa mikono na kuzungusha kinyume. Sehemu nyingi zitaachana bila kisu. Pale palipokaza, kateni rizomu kwa mkato mmoja. Kuchezesha kisu mbele na nyuma huponda nyama ya rizomu, na mahali palipopondwa ndipo uozo unapoanzia. Kisu chenye meno ni cha katikati ya kichaka kizee, ambako rizomu ni ngumu kama kuni.

Kipande kizuri kina pepeo 3, rizomu ngumu ya angalau sentimita 5, na mizizi hai ya rangi nyeupe au kahawia hafifu. Pepeo 2 zenye mizizi mingi zinakubalika. Upepeo mmoja usipandwe peke yake, isipokuwa uwe mnene na wenye mizizi yake kamili. Huo wekeni kando kwenye chungu cha akiba, msimpe mtu. Bonyezeni rizomu kwa kidole gumba: ikibonyea au ikitoa harufu mbaya, kateni mpaka mfike palipo safi, au tupeni. Sehemu kavu ya katikati isiyo na chipukizi haifufuki. Fupisheni mizizi mirefu ibaki sentimita 8 hadi 10 ili isijikunje chunguni.

Ondoeni mabua yote ya maua kwenye vipande. Lakini angalieni kwanza: *Dietes iridioides* hutoa vimiche kwenye mabua yaliyolala. Kimiche chenye mizizi hupandwa chungu chake, na mara nyingi hushika haraka kuliko kipande cha rizomu, kwa kuwa hakina jeraha kubwa.

Futeni visu kwa spiriti kila mnapohamia kichaka kingine. Waragi ya kawaida haitoshi, ina kilevi cha asilimia 40 hivi, na dawa ya kuua vijidudu inahitaji karibu 70. Dawa ya kung'arishia nguo, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, inafanya kazi pia, ila inakula chuma: loweka dakika 10, suuza, paka mafuta. Wenye ngozi nyepesi kuwasha wavae glavu. Mabaki yaende kwenye shimo la mboji, wala asipewe mbuzi wala ng'ombe. Familia hii ina jamaa wenye sumu inayojulikana kwa mifugo.

Kupanda chunguni

Jazeni chungu theluthi mbili, mkifanya kichuguu kidogo katikati. Kalisheni rizomu juu yake, mizizi ikishuka pande zote. Ongezeni udongo mpaka rizomu ifunikwe kwa sentimita 1 tu. Sehemu nyeupe ya chini ya majani inawaonyesha mmea ulikuwa umefukiwa mpaka wapi, msipite hapo. Acheni sentimita 2 hadi 3 kutoka mdomo wa chungu ili maji yapate pa kukaa.

Kina ndicho kinachoua irisi nyingi za vikundi kuliko wadudu wote. Mtu anaona mche unayumba, anaongeza udongo, na shingo ya majani inazikwa. Mche ukiyumba, gandamizeni udongo kwa vidole kuzunguka mizizi au wekeni kijiti. Msiuzike.

Mwagilieni polepole hadi maji yatoke chini, subirini dakika 10, rudieni. Jerikani moja kwa kila mzunguko wa vyungu 60 inatosha. Rizomu ikijitokeza baada ya udongo kushuka, ongezeni kidogo.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye vipande vya plastiki nyeupe vilivyokatwa kwenye makopo ya maziwa mgando. Wino wa kalamu huisha ndani ya mwezi, penseli hubaki. Andikeni jina la mmea, bustani ulikotoka, tarehe na idadi ya pepeo. Kuandika "irisi" peke yake ni kazi bure.

Wiki nane za kitalu

Wekeni vyungu chini ya kichanja cha nusu kivuli, kilichoezekwa kwa majani makavu ya migomba yaliyoachanishwa au kwa neti. Chini ya mwembe hapafai sana, kivuli ni kizito na matone makubwa ya mvua huchimba udongo. Baada ya wiki 3, sogezeni mahali panapopata jua la asubuhi mpaka saa nne.

Ingizeni kidole sentimita 3. Pakiwa pakavu, mwagilieni. Pakiwa na unyevu, acheni. Kwa kawaida huwa kila siku ya pili au ya tatu. Kikundi kikipangiana zamu, aliye zamu apime kwa kidole, kwa sababu kila mmoja akija na jerikani yake kwa moyo mwema, miche itakufa kwa wema. Mtu mmoja awe na neno la mwisho kuhusu maji.

Majani ya nje yatakuwa ya njano wiki ya pili na ya tatu. Hilo ni la kawaida, mmea unayavunja ujenge mizizi. Angalieni jani la katikati: likitoka jipya na la kijani, mizizi inafanya kazi. Wiki ya 4, vuta mche taratibu. Ukishikilia, uko salama. Mbolea isiwekwe kabla ya hapo. Wiki ya 6 mnaweza kuweka nusu kijiko cha chai cha NPK 17:17:17 pembezoni mwa chungu, mbali na rizomu, kisha maji.

Jani la katikati likilegea na kung'oka bila kuvutwa kwa nguvu, likinuka chini, huo ni uozo. Toeni mche, kateni mpaka palipo pagumu, pandeni upya kwenye udongo wenye mchanga zaidi na juu zaidi. Mche ukianguka wenyewe na mizizi imeliwa, mwageni udongo mtafute funza weupe waliojikunja. Kwa kawaida waliingia na mboji, na chekecheo ingewazuia. Majani yenye mikato iliyochongoka ni konokono, ambao mchana hujificha chini ya vyungu. Inueni vyungu asubuhi, muwaokote kwa mkono. Madoa ya rangi ya kutu huja pale vyungu vinapobanana. Kateni majani hayo, acheni nafasi ya kiganja kati ya chungu na chungu. Kuku ni adui wa peke yake: atachakura kila chungu akitafuta funza wale wale. Zungushieni matawi ya miiba.

Jamaa wengine

*Gladiolus dalenii*, yenye maua ya rangi ya chungwa au nyekundu yaliyoinama kama kofia, haina rizomu bali tunguu. Haigawanywi kwa kisu. Subirini majani yakauke, chimbeni, ondoeni tunguu kuukuu lililosinyaa chini ya jipya, na mpande jipya sentimita 8 hadi 10 kwenda chini. Vitunguu vidogo vilivyolizunguka vipandwe pamoja kwenye chungu kipana. *Aristea*, ile ya maua ya buluu yanayofungwa kabla ya mchana kuisha, huchukia kugawanywa kuliko zote. Otesheni kwa mbegu tu.

Mbegu za *Dietes* zinafaa pia kwa wanachama waliokosa vyungu. Vuneni tumba likigeuka kahawia, pandeni zikiwa mpya, kina cha nusu sentimita. Maua huja mwaka wa pili au wa tatu.

Kwenda ardhini

Mizizi ikichungulia kwenye matundu, mche uko tayari. Ugawaji ufanyike siku hii, si siku ya kukata, kwa sababu sasa mnajua iliyopona. Vyungu vya akiba ndivyo vinavyofidia waliopata mche dhaifu. Kwa safari ya boda, pangeni vyungu vimesimama ndani ya kreti ya soda. Vikilazwa guniani udongo huhama na mizizi mipya hukatika.

Chagueni mahali penye kivuli chepesi au jua la asubuhi, maji yasituame. Chimbeni shimo pana mara mbili ya chungu lakini kina kile kile, changanyeni karai nusu ya mboji, pandeni kwa kiwango kilekile cha chunguni, nafasi ya sentimita 45 hadi 60. Matandazo yawe unene wa sentimita 5, yasiguse shingo ya mmea. Bua la maua likitoka baadaye, msilikate maua yakiisha, maana litatoa mengine msimu ujao. Linakatwa likishakauka kabisa, hadi chini.